Mbinja na Kigelegele: Ndege Wawili na Nchi ya Ngara na Biharamulo

Kuna mambo ambayo jicho halina hukumu juu yake. Mtu wa Makunduchi na mtu wa Micheweni wakikaa baraza moja, wamevaa kanzu za kitambaa kimoja na kofia za mshono mmoja, mpita njia hatajua nani katoka wapi. Wakishafungua vinywa, hata mtoto atajua. Shairi nalo ni vivyo hivyo. Karatasini laweza kufanana na jengine kwa vina na mizani, lakini manju akishalitia mahadhi, msikilizaji aliye nje ya ukumbi, asiyepata hata neno moja sawasawa, hutambua kama ni la harusi au la msiba. Watu wa visiwani na mwambao hawahitaji kufunzwa jambo hili. Wataalamu wa ndege waliosomea elimu yao katika majumba ya makumbusho ya Ulaya iliwachukua karibu miaka mia kulikubali, na kisa chao kinagusa nchi iliyo mbali na bahari: Ngara na Biharamulo, wilaya mbili za mkoa wa Kagera, katika vilima vilivyo baina ya Ziwa Viktoria na mipaka ya Rwanda na Burundi.

Ndege wenyewe si wa kutazamwa mara mbili. Urefu wao, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, ni kama sentimita 13 au 14. Mgongo una rangi ya udongo mkavu, tumbo lina weupe uliochujuka, na mdomo ni mwembamba, wa kuokotea wadudu. Wamo katika jamii kubwa ya ndege wa majanini ambayo wataalamu waliipa jina la Kilatini la Cisticola, na jamii hiyo leo huhesabiwa kuwa na aina zaidi ya 50, karibu zote za Afrika. Jina hilo lina kichekesho chake. Maana yake ni mkaazi wa kichaka cha cistus, na kichaka hicho ni cha pwani za Bahari ya Kati. Ndege wa Biharamulo amebebeshwa nyumba asiyopata kuiona.

Wengi katika jamii hii wana michirizi myeusi mgongoni, na kwa michirizi hiyo angalau mtu hupata pa kuanzia. Hawa wawili hawana. Wa kwanza aliitwa Cisticola lateralis, wa pili Cisticola woosnami. Utosi wa huyu wa pili una wekundu kidogo wa kutu, na wa kwanza amekoza zaidi, kama aliyekaa karibu na moshi wa jikoni. Basi. Tofauti hiyo mwanga wa jioni huifuta, jua la kiangazi huichuja, na tope la masika huifunika.

Wakiimba, mambo hubadilika. Lateralis hupiga mbinja: sauti nene, tamu, ya mviringo, katika kifungu kifupi, mfano wa mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya konde. Woosnami hapigi mbinja. Yeye hupanda juu ya mti, akatulia, akaanza kuitetemesha sauti moja nyembamba, kwanza chini chini hata ikadhaniwa ni mdudu, kisha ikazidi nguvu bila ya kituo, ikajaa, ikakatika. Mwanamke yeyote wa mwambao akiisikia hatapata tabu kuitafutia jina. Ni kigelegele.

Na waitwe hapa hivyo, mwenye mbinja na mwenye kigelegele, kwani majina ya Kilatini hayana ladha kinywani, na jina la pili, kama itakavyoonekana, ni la mtu aliyekufa vitani mbali na Afrika. Wazee hukataza kupiga mbinja usiku. Kigelegele hakina saa. Ndege hawa hawakuisikia hukumu hiyo, lakini kwa makaazi yao wamegawana kwa namna inayokaribia kupendeza. Mwenye mbinja ni wa nchi za rutuba na kingo za misitu, tangu Afrika ya Magharibi, kupitia Kameruni na Kongo, hadi Uganda na magharibi ya Kenya. Mwenye kigelegele ni wa vilima vya nyasi na miti iliyoachana, na wa miombo: ameanzia chini ya milima ya Ruwenzori, akashika Rwanda na Burundi, akateremka magharibi na katikati ya Tanzania mpaka kaskazini ya Zambia na Malawi. Katika Ngara na Biharamulo mwenye nyumba ni huyu wa kigelegele. Ndugu yake yuko jirani, upande wa kaskazini na wa magharibi, ambako mvua ni nyingi na majani ni mabichi zaidi.

Aliyeanza kupewa jina ni mwenye mbinja. Mwaka 1843 Mwingereza Louis Fraser alimwandika kutokana na ndege aliyepatikana pwani ya Afrika ya Magharibi. Utaratibu wa siku zile haukuwa na siri. Ndege alipigwa risasi ya chembe, akachunwa, ngozi ikapakwa dawa ya sumu ili isiliwe na wadudu, ikajazwa pamba, mguuni ikafungwa kibandiko chenye mahali, tarehe na jinsia, kisha ikalazwa kwenye mtoto wa kabati pamoja na nyengine. Mtaalamu aliyekaa London au Berlin akazipanga ngozi mezani, akapima bawa, mkia na mdomo, akaamua nani ni nani. Kwa tausi au kwa korongo kazi hiyo haina taabu. Kwa ndege wa jamii ya Cisticola ilikuwa ni mtego. Dume ni mkubwa kuliko jike, na mara nyengine mkubwa sana. Wengi wao hubadili manyoya kwa majira, mkia ukawa mrefu wakati wa ukavu na mfupi wakati wa kuzaa, kichwa kikawa chekundu mwezi huu na cha majivu mwezi ule. Kwa hiyo dume wa Machi na jike wa Agosti, mume na mke wa kiota kimoja, waliweza kupewa majina mawili na mabwana wawili waliokaa miji miwili. Majina yakarundikana mamia, na kila jipya likazidisha giza.

Kibandiko kilikuwa na nafasi ya kila kitu ila sauti.

Wakati ngozi hizo zikirundikana Ulaya, nchi ya Ngara na Biharamulo ilikuwa imeanza kupitiwa na wageni. Mwishoni mwa mwaka 1861 John Hanning Speke na James Grant, waliotoka Unguja mwaka uliotangulia, walipita Usui, nchi ya Rusubi iliyokuwa chini ya mtawala Suwarora, na ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Biharamulo ya leo. Walikuwa wakienda Karagwe kwa Rumanika, na hongo ya njiani iliwachosha kuliko safari. Mkuu wa msafara wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani udogoni, akapelekwa Bara Hindi, akarudi Unguja akiwa huru. Speke alizungumza naye kwa Kihindustani, Bombay akazungumza na watu wa bara kwa Kiswahili, na Kiswahili kikafasiriwa tena kwa lugha ya wenyeji. Kila neno lililofika sikioni mwa Speke lilikuwa limeshapita milango mitatu. Yeye naye alikusanya ndege njiani, na orodha yao ikachapishwa London. Lakini msafara wa namna ile, wenye bunduki, ngoma na mamia ya wapagazi, haukuwa mahali pa kumsikiliza ndege wa gramu chache anayeanza kuimba kwa sauti ya mdudu.

Baada yake alikuja mtu wa ajabu zaidi, na kisa chake kina uchungu unaostahili kusimuliwa. Eduard Schnitzer, daktari aliyezaliwa mwaka 1840 katika mji wa Oppeln, alijulikana ulimwenguni kwa jina la Emin Pasha. Alikuwa gavana wa jimbo la Ikweta, kusini kabisa mwa Sudani, na katika miaka ile ya vita na kusahauliwa hakuacha kukusanya ndege na kuzipeleka ngozi zao Ulaya. Macho yake yalikuwa mabovu. Kusoma kwake kulikuwa ni kuusogeza ukurasa karibu ya kugusa pua. Tarehe 4 Disemba 1889, Stanley alipomfikisha Bagamoyo na maafisa wa Kijerumani wakawafanyia karamu, Emin alitoka kwenye meza, akalikosea dirisha akidhani kuna kibaraza, akaanguka mpaka chini barabarani. Fuvu lilipasuka. Alipona kwa muda mrefu, na alipopona aliingia katika utumishi wa Wajerumani. Aprili 1890 alitoka Bagamoyo kurudi bara, na mwezi wa Novemba mwaka huo akaanzisha kituo cha Bukoba, kandokando ya ziwa.

Mtu huyu aliyelikosea dirisha la Bagamoyo ndiye aliyekuwa akipima mabawa ya ndege wadogo katika nchi za Kagera. Mwaka 1891 alipita Karagwe kuelekea magharibi pamoja na Franz Stuhlmann; Oktoba 1892 aliuawa Kongo. Mwaka huo huo Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin alimpa mmoja wa jamii ya Cisticola jina lake: Cisticola emini, ndege wa majabali. Hakuna haja ya kumdhihaki Emin. Alifanya kwa macho yaliyokwisha kazi ambayo wenye macho mazima waliifanya vibaya zaidi. Ila ni vigumu kutojiuliza kama asubuhi za Bukoba, kabla kitabu hakijafunguliwa, hazikuwa zimeshamwambia mengi ambayo rula haikuweza kumwambia.

Mwenye kigelegele alipata jina lake mwaka 1908. Makumbusho ya Uingereza yalipeleka msafara katika milima ya Ruwenzori mwaka 1905 na 1906, kiongozi wake akiwa Richard Bowen Woosnam, na William Robert Ogilvie-Grant, aliyekuwa akizipokea ngozi London, akamwandika ndege wa mguuni mwa milima hiyo kwa jina la kiongozi. Woosnam baadaye alikuwa mkuu wa hifadhi ya wanyama katika himaya ya Kenya, kisha akaenda vitani na kuuawa Gallipoli mwaka 1915. Tangu 1843 hadi 1908 ni miaka 65. Ndugu wawili walikuwa sasa na majina mawili, lakini majina hayo yalikuwa ni ya ngozi mbili. Hayakuwa ya nyimbo mbili.

Aliyeleta nyimbo mezani alikuwa baharia. Hubert Lynes alizaliwa mwaka 1874, akaingia jeshi la wanamaji la Uingereza, na katika vita vikuu vya kwanza akapewa amri ya manowari ndogo zilizokuwa Dunkirk. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Aprili 1918 aliongoza shambulio la kuuziba mlango wa bandari ya Ostend kwa meli kuukuu zilizokusudiwa kuzamishwa hapo. Manahodha waliongozwa na boya. Wajerumani walikuwa wamelisogeza boya hilo mashariki ya mahali pake, na meli zikaenda kupanda mchangani. Mabaharia wa Kizanzibari wanaosoma habari hii wataelewa bila ya maelezo: alama ilikuwa pale pale machoni, ila ilikuwa imehamishwa.

Haijulikani kama Lynes aliufikiria usiku ule alipoyaona makabati ya ngozi za Cisticola. Linalojulikana ni kuwa baada ya vita aliacha bahari akashika pori. Alikaa Darfur, akatembea Afrika ya mashariki na ya kusini, akafika Tanganyika, akaandika mwaka 1934 juu ya ndege wa kusini ya nchi hiyo. Ndege wake wa moyoni walikuwa hawa wa rangi ya udongo. Aliwatafuta wakiwa hai, akaandika nani anaimbia wapi, juu ya mti au ndani ya nyasi, nani anaruka angani na kurudi, kiota cha nani ni mpira wa majani na cha nani kimeshonwa kwa utando wa buibui, na sauti ya kila mmoja kwa kadiri herufi za Kiingereza zilivyoweza kuibeba. Kisha akarudi makumbusho na kuziuliza ngozi upya. Mwaka 1930 matokeo yalitoka kuwa nyongeza ya jarida la Ibis, kitabu kinene kikiandamana na juzuu ya picha. Mamia ya majina yalipunguzwa yakawa aina zipatazo 40, na nyingi ya hizo zimesimama mpaka leo, ingawa wataalamu waliokuja baadaye wamezigawa nyengine.

Jambo moja katika kazi hii halikusemwa vya kutosha. Afisa mstaafu hakujua peke yake wapi pa kukaa alfajiri ili amsikie ndege fulani. Waliomchukua huko walikuwa wachungaji, wawindaji, wapagazi na wapishi, na majina yao katika vitabu vya aina hii ni machache kuliko majina ya ndege. Bombay alipata bahati ya kutajwa kwa sababu Speke alimhitaji kila siku. Wengi wengine wamebaki kama yule ndege wa jamii hii aliyepewa jina la Kilatini la anonymus, yaani asiye na jina.

Baada ya Lynes, sauti ikawa kiti cha hukumu. Majina ya Kiingereza ya ndege hawa yakajipanga kama watu wa mtaa mmoja wanaojulikana kwa lakabu. Kuna mwimbaji, mpiga mbinja, mwenye kigelegele, mpiga soga, mkoromaji, mwombolezaji, mwenye njuga, na yule ambaye sauti yake ni ya saa ya ukutani inapotiwa ufunguo. Yumo pia mvivu, ambaye hakuna ajuaye kwa hakika alimkosea nini aliyempa jina. Mwambao nao una wake, mwenye kichwa chekundu, tangu kusini ya Somalia hadi kaskazini-mashariki ya Tanzania. Naye kwa sauti, pamoja na mengine, ndiyo wataalamu wakamtenga na yule wa saa. Ukiyasoma majina hayo kwa mfululizo utadhani ni orodha ya washairi waliohudhuria shindano.

Hapa ndipo panapotakiwa kusimama kidogo, kwa sababu jambo hili lina kina kuliko linavyoonekana. Sauti si kitambulisho walichokibuni wanadamu ili wapate kuandika vitabu. Dume wa kigelegele akisikia kigelegele cha dume mwengine katika eneo lake hukasirika, husogea, hujibu. Jike naye humjua mume wa kabila lake kwa wimbo kabla hajamwona. Kwa maneno mengine, ndege wenyewe ndio waliokuwa wakitofautishana kwa sikio tangu kabla ya makumbusho kujengwa. Manyoya yamefanana kwa kuwa nyasi ni zile zile na mwewe ni yule yule. Mwenye rangi ya kujionyesha angeliwa. Mpaka baina ya mwenye mbinja na mwenye kigelegele hauko mgongoni wala utosini. Uko kooni, na unawekwa upya kila alfajiri.

Mipaka ya watu katika nchi hiyo hiyo iliwekwa kwa namna nyengine. Mwezi wa Mei 1894 afisa wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, aliuvuka mto Kagera penye maporomoko ya Rusumo akaingia Rwanda, na mto ambao ulikuwa njia ukaanza kuwa alama. Baada ya vita vikuu vya kwanza Wabelgiji walipata Ruanda-Urundi na Waingereza wakapata Tanganyika. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa imefungamana na ufalme wa Burundi, lakini ilibaki upande wa Waingereza. Hata mwaka 1948 Mwami wa Burundi alikuwa bado anawaomba wajumbe wa Umoja wa Mataifa airudishiwe. Ramani ilisema watu wa Bugufi ni wa Tanganyika. Masikio yalisema jengine: Kihangaza, lugha yao, ni ndugu wa karibu sana wa Kirundi na wa Kiha, na mtu wa Ngara akizungumza na mtu wa ng'ambo ya mpaka hawahitaji mkalimani. Kishubi, kinachosemwa pia katika wilaya hizi, kina nyumba yake nyengine katika ukoo huo huo wa lugha. Mgeni aliyetoka pwani hudhani ni sauti moja. Mwenyeji hujua, kabla sentensi haijaisha, msemaji ni wa kilima kipi.

Tarehe 28 Aprili 1994 mpaka ule ulivukwa kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Kwa muda wa kiasi cha saa 24 watu wapatao robo milioni walilivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Ilikuwa ni karibu miaka mia tangu Götzen apite hapo. Walipiga kambi Benaco, mahali palipokuwa pakiitwa kwa jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara, na kwa siku chache pakawa mahali penye watu wengi kuliko mji wowote wa Tanzania isipokuwa Dar es Salaam. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia kifo na walikuwamo pia waliokifanya, na wenyeji wa Ngara walioyasikia mazungumzo yao njiani walikuwa na balaa ya kuyaelewa, kwani Kinyarwanda hakiko mbali na Kirundi wala na Kihangaza. Wafanyakazi wa misaada waliotoka mbali waliona umati. Wahangaza walisikia maneno.

Watu hao walihitaji kupika, na kuni zilikuwa ni miti ya vilima vile. Kutaja miti mahali ambapo watu wamekufa kwa mamia ya maelfu ni jambo la kuona haya, lakini historia ya nchi ina mambo mengi kwa wakati mmoja, na moja lililotokea Ngara ni kwamba vilima vilivyokuwa na pori vilibaki wazi kwa masafa ya saa nyingi za kutembea. Wenyeji, waliogawana visima na shule na wageni wale, ndio waliobaki na vilima hivyo baada ya wakimbizi wa Kinyarwanda kurejeshwa kwao Disemba 1996. Mwenye kigelegele hahitaji msitu mkubwa. Anahitaji nyasi za kuficha kiota na mti mmoja uliozidi mingine kwa urefu, wa kupandia aimbe. Palipokatwa mti huo, nyasi zingeweza kurudi kwa mvua moja. Tawi la kuimbia halirudi kwa mvua moja.

Sehemu nyengine ya nchi hiyo ilikuwa na ulinzi wa karatasi kwa miaka mingi, yaani mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Mapori hayo yalipitiwa na majangili, wakimbizi, wafugaji na majambazi wa barabarani, hata ikafika wakati mabasi ya Ngara na Biharamulo kusindikizwa na askari. Mwaka 2019 yaliunganishwa na kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na tembo na twiga wakapata kutajwa katika hotuba. Ndege wa majanini hawatajwi katika hotuba, na pengine ni heri yao.

Sauti zenyewe zilianza kuhifadhiwa kwa njia nyengine katikati ya karne ya ishirini, pale mashine za kunasia sauti zilipoweza kubebwa porini. Katika Afrika ya Mashariki aliyetangulia alikuwa Myles North, afisa wa utawala wa Kenya, ambaye santuri yake ya sauti za ndege wa Afrika ilitolewa Marekani mwaka 1958. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekaa mbali aliweza kuhukumu kwa sikio bila ya kutegemea herufi, na herufi, kama kila aliyejaribu kuuandika utenzi uliosikika katika maulidi anavyojua, huukamata mwili wa wimbo na kuiacha roho ikienda zake. Leo kijana wa Ngara mwenye simu mkononi anaweza kuinasa sauti ya kilimani kwao kwa dakika moja na kuilinganisha na ya Uganda. Lynes, aliyefariki mwaka 1942, angempa kijana huyo heshima kubwa kuliko aliyowapa mabwana wengi wa makabati.

Ngozi za ndege za Makumbusho ya Uingereza zilihamishwa kutoka London miaka ya 1970 zikapelekwa Tring, mji mdogo, na bado ziko humo, zimelala chali, vibandiko miguuni. Mvua za vuli zikifika Biharamulo, nyasi mpya huanza kuwafunika wachungaji magoti, na dume wa rangi ya udongo hupanda juu ya mti. Huanza chini chini. Mbuzi hawamwangalii. Sauti huzidi, huzidi, mpaka wanawake walio mtoni huinua vichwa, kwa kuwa imefanana sana na habari njema kutoka nyumba ya jirani.